"Grundsätzlich" kwenye mkataba wako: ni msingi, ni msimamo, au ni mwiko?

Swali: Habari za leo, mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru. Nimemaliza Kijerumani cha kiwango cha B2 na hospitali moja ya Ujerumani imenitumia mkataba wa kazi. Kuna sentensi inanisumbua: "Überstunden werden grundsätzlich durch Freizeit ausgeglichen." Mwalimu wetu wa lugha alitufundisha kwamba Grundsatz ni kanuni ya msingi, kwa hiyo grundsätzlich ni "siku zote, hakuna cha isipokuwa". Mwenzangu aliyetangulia Leipzig anasema hapana, maana yake ni "kwa kawaida". Nani yuko sahihi? Nikifanya saa za ziada nitapewa ofu au nitalipwa? Na hili neno Grundsatz nilielewe vipi, maana nakutana nalo kila mahali?

Jibu: Mwalimu wako hakukosea, dada, na mwenzako wa Leipzig naye hakukosea. Ila kwa sentensi hiyo ya mkataba, mfuate wa Leipzig. Inasema kwamba saa za ziada hurudishwa kwa muda wa kupumzika, na huo ndio utaratibu wa kuanzia, lakini mlango haukufungwa. Zinaweza kuwapo hali ambazo utalipwa pesa badala ya kupewa ofu. Neno grundsätzlich halitaji ni hali zipi. Linakuonya tu kwamba huenda zipo, na kazi ya kuzitafuta imebaki kwako.

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu swali hili si lako peke yako. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mwezi Septemba 2024, naletewa mikataba ya namna hii mara kwa mara niisome, na neno hili huwa limejikunyata humo katikati ya sentensi, halionekani kuwa na uzito wowote. Uzito linao.

Tuanze na neno mama: der Grundsatz, na kwa wingi die Grundsätze. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. Yote mawili utayazoea ukiwa wodini kabla hujayaona kwenye kitabu chochote cha sheria au falsafa.

Grund kwanza ni ardhi, ni sehemu ya chini kabisa ya kitu. Kiwanja ni Grundstück. Daftari la serikali linaloonyesha ardhi ni ya nani ni Grundbuch. Shule ya msingi ni Grundschule, na hapo Wajerumani nasi tumefikiri sawasawa, tena neno "shule" lenyewe tulilichukua kwao enzi walipoitawala Tanganyika. Utakapoanza kujaza fomu za vidonda utakutana na Wundgrund, yaani sehemu ya chini ya kidonda: je, ni nyekundu na safi, ina usaha, imefunikwa na nyama iliyokufa? Kisha kuna Grundpflege: kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza kitandani, kumsaidia kwenda haja. Ndiyo huduma ambayo nyingine zote hukaa juu yake. Mgonjwa asiyegeuzwa atatoka vidonda vya mgongo hata akipewa dawa bora duniani.

Grund pia ni sababu. "Aus welchem Grund?" maana yake ni "kwa sababu gani?" Usishangae neno moja kubeba ardhi na sababu kwa pamoja. Sisi wenyewe tunasema "hoja yako haina msingi" tukimaanisha haina sababu inayoweza kuisimamisha. Ni wazo lilelile, kwamba kilicho chini ndicho kinachobeba.

Satz linatokana na kitenzi setzen, kuweka. Kwa hiyo Satz ni kilichowekwa. Sentensi ni Satz. Mashapo yanayotulia chini ya kikombe cha kahawa ni Kaffeesatz. Sheria ni Gesetz, nayo imetoka kwenye kitenzi hichohicho, kama sisi tunavyosema sheria "imewekwa". Ersatz ni kitu kilichowekwa mahali pa kingine, na meno bandia, ambayo zamu ya jioni utayasafisha mengi, ni Zahnersatz.

Sasa yaunganishe. Grundsatz ni kauli iliyowekwa chini ili nyingine zijengwe juu yake. Nikitaka kumweleza mtu picha iliyo ndani ya neno hili humkumbusha sherehe ya kuweka jiwe la msingi. Mgeni rasmi anafika, hotuba zinasomwa, pazia linavutwa, na pale pana jiwe lenye maandishi. Jengo halipo. Hakuna paa, hakuna mlango, hujui hata vyumba vitakuwa vingapi. Lakini tangu siku hiyo imejulikana jengo linaanzia wapi. Grundsatz hufanya kazi hiyo, hukupa mahali pa kuanzia kufikiri. Haikuonyeshi nyumba nzima, na mtu akiliangalia jiwe tu hawezi kuapa kwamba hakutakuwa na mlango wa nyuma. Lishike hili, kwa sababu tabu yote ya grundsätzlich imezaliwa hapa.

Wanafalsafa na wanahisabati wa Kijerumani walilipenda neno hili mapema. Katika hisabati ya zamani Grundsatz lilikuwa jina la kauli inayokubaliwa bila kuthibitishwa, na Lehrsatz ni ile inayothibitishwa kutokana nayo. Immanuel Kant, mwaka 1788, alipoanza kueleza jinsi akili inavyoongoza matendo, alifungua na neno hili hasa. Kwa maneno yangu, alisema Grundsätze za kutenda ni kauli zinazouelekeza utashi kwa ujumla, na chini ya kila moja zimo kanuni ndogondogo kadhaa. Kama kauli hiyo inamhusu mtu mwenyewe na nia yake tu, Kant aliiita Maxime. Kama inamfunga kila mwenye akili, aliiita sheria.

Hilo la "kanuni ndogondogo chini yake" lina faida kwako kuliko mtaalamu yeyote wa Kant. Chukua sahani ya dawa mkononi. Ujerumani utafundishwa 5-R-Regel: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi ya kumpa, wakati sahihi. Unasimama mlangoni mwa chumba, unasoma jina kwenye kikombe cha dawa, unamuuliza mgonjwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na karatasi. Hizo zote ni Regeln, kanuni za mkono, za kufuata hatua kwa hatua. Lakini kwa nini ziko tano, na kwa nini kwingine wanaongeza ya sita kuhusu kuandika kwenye kumbukumbu? Kwa sababu chini yake kuna kauli moja kwamba mgonjwa asidhuriwe na yule aliyekuja kumsaidia. Hiyo ndiyo Grundsatz. Regel inaweza kubadilika hospitali ikinunua mashine mpya ya dawa. Grundsatz haibadiliki, na ndiyo unayoishika siku umekutana na hali ambayo hakuna Regel iliyoifikiria.

Kwa hiyo tofauti ya kwanza nakuomba uiweke akilini: Regel hukwambia ufanye nini, Grundsatz hukwambia uanzie wapi. Ukitafsiri yote mawili kwa neno "kanuni", umezika tofauti hiyo.

Huduma za Ujerumani zimejaa Grundsätze za namna hii, na mara nyingi huzifupisha hadi maneno matatu yenye neno vor katikati, likiwa na maana ya "kabla ya". "Ambulant vor stationär": mtu ahudumiwe nyumbani kwake kwanza kabla ya kulazwa au kupelekwa kwenye makao ya wazee. "Reha vor Pflege": mtu asaidiwe kurejesha nguvu zake kabla hajahesabiwa kuwa wa kutunzwa tu. Ukisikia madaktari wanabishana kuhusu kumrudisha bibi kizee nyumbani na mtu akasema "ambulant vor stationär", usitafute humo ratiba wala fomu. Amekumbusha tu jiwe liko wapi. Atakayetaka bibi abaki kitandani hospitalini ndiye sasa mwenye mzigo wa kutoa sababu.

Wanasheria nao wana zao. Shaka ikiwapo, mshtakiwa apewe nafuu. Adhabu isizidi kosa, na serikali isitumie nguvu kubwa kuliko haja, ambayo wao huiita Grundsatz der Verhältnismäßigkeit. Wahasibu wana Grundsätze za kuweka vitabu vizuri, ambazo sheria yao ya biashara inazitaja na kumtaka kila mfanyabiashara azifuate, ingawa hazijaandikwa zote ndani ya sheria hiyo. Nyingi zimetokana na desturi ya wahasibu waaminifu.

Lakini mahali ambapo neno hili limepewa nguvu kuliko popote ni katiba ya Ujerumani, Grundgesetz, iliyotangazwa Bonn tarehe 23 Mei 1949. Sikiliza jina lenyewe: Grund tena, na Gesetz, sheria iliyo msingi wa sheria zote. Walioiandika walikuwa wameona kwa macho yao jinsi katiba ya awali, ile ya mwaka 1919, ilivyobaki kwenye karatasi huku ikiuawa kwa njia zilizovaa vazi la sheria. Mwezi Machi 1933 bunge lilipiga kura kuikabidhi serikali ya Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Basi mwaka 1949 waliweka ibara ya 79, na katika fungu lake la tatu wakasema kwamba yapo mambo ambayo hata wabunge wote wakikubaliana hawawezi kuyabadilisha. Miongoni mwayo ni "Grundsätze zilizowekwa katika ibara ya 1 na ya 20". Ibara ya 1 inaanza kwa kusema utu wa mwanadamu haugusiki. Ya 20 inasema nchi ni ya kidemokrasia, na kwamba mamlaka yote hutoka kwa wananchi.

Sasa tazama ustadi, au tuseme mtego, wa fungu hilohilo. Ndani ya sentensi ileile moja, maneno machache tu kabla ya Grundsätze, wameandika pia kwamba haiwezi kuondolewa "die grundsätzliche Mitwirkung der Länder bei der Gesetzgebung", yaani ushiriki wa majimbo katika kutunga sheria. Je, hiyo ina maana kwamba kila sheria, kubwa na ndogo, lazima majimbo yawe na kauli sawa? Hapana. Ushiriki uwepo kwa msingi wake, na namna ya kushiriki inaweza kutofautiana sheria hadi sheria. Grundsätze ni mwamba usioguswa, na grundsätzlich, mtoto wake wa kumzaa, amekuja na nafasi ya kupumua. Mama na mtoto katika sentensi moja, na hawafanani.

Tumefika kwenye kiini cha swali lako. Grundsätzlich ina maana mbili, na kamusi za Wajerumani wenyewe zinaziandika zote mbili.

Ya kwanza ni ya mtu anayejizungumzia. "Ich trinke grundsätzlich keinen Alkohol." Huyu usimbembeleze kwenye sherehe, kwake pombe ni mwiko. "Er kommt grundsätzlich zu spät": yule bwana kuchelewa ndiyo tabia yake, hajawahi kufika kwa wakati. Hapa mwalimu wako yuko sahihi, ni siku zote.

Ya pili ni ya karatasi. Mwanasheria wa Kijerumani akiandika grundsätzlich, wanasheria wenzake hukaa mkao wa kusubiri "aber", yaani "lakini". Kwao neno hili lina maana kwamba huu ndio utaratibu wa kuanzia, na zipo hali za pekee zinazoweza kuuondoa, hata kama bado hatujazitaja. Mikataba ya kazi, mikataba ya nyumba, barua za mamlaka, fomu za bima, zote huandikwa na watu waliolelewa na lugha hiyo.

Nililipia somo hili, au tuseme mtu mwingine alinilipia. Nilikuwa bado mchanga katika kazi ya tafsiri, hapa Dar es Salaam. Kijana mmoja akaniletea maelekezo ya ofisi fulani kuhusu ombi la mama yake. Humo mlikuwa na sentensi: "Der Antrag ist grundsätzlich persönlich zu stellen." Nikaandika kwa Kiswahili kwamba mwombaji ni lazima afike mwenyewe, kwa vyovyote vile. Mama yule alikuwa Songea, nyonga yake mbovu, kutembea ni kwa kushikwa mabega. Wakamsafirisha kwa basi, amelazwa kwenye viti vya nyuma, mito miwili na shuka. Siku walipofika dirishani, afisa alimtazama yule mama, akamtazama kijana, akauliza kwa nini hawakupiga simu. Kwa wagonjwa wasioweza kusafiri ulikuwapo utaratibu mwingine. Karatasi ilikuwa imewaambia hivyo. Mimi ndiye niliyelifuta neno lililowaambia. Kijana hakunilaumu, alikuja tu kunieleza ili nisirudie. Tangu siku hiyo sijawahi kulipita neno grundsätzlich bila kusimama.

Sasa utajuaje ni maana ipi? Kwanza angalia nani anasema. Mtu anayesema juu ya nafsi yake, au msimamizi wa wodi anayesema juu ya wodi yake, mara nyingi anamaanisha siku zote. Akikwambia "Patienten werden bei uns grundsätzlich gesiezt", maana yake wagonjwa wote wanaitwa kwa Sie, kwa heshima, hata yule kijana wa miaka ishirini anayekutania. Akisema "Handschuhe werden hier grundsätzlich getragen", wewe vaa glavu. Kwa mambo ya usafi na usalama usichimbe sarufi kutafuta upenyo.

Pili, angalia kinachofuata. Katika maandishi ya ofisi, macho yako yatembee mbele kutafuta aber (lakini), jedoch (hata hivyo), es sei denn (isipokuwa), in Ausnahmefällen (katika hali za pekee), nur wenn (ikiwa tu). Mara nyingi yamo aya ileile, au ukurasa wa pili. Yasipokuwapo, huenda hali za pekee zimeandikwa kwenye hati nyingine.

Tatu, sikiliza kama kuna ukanushaji. Grundsätzlich ikifuatwa na nie (kamwe) au kein (hakuna) katika mazungumzo, huwa ni kali. Ikiwa peke yake mwanzoni mwa jibu, "Grundsätzlich ja...", subiri. Lakini inakuja.

Kuna ndugu yake mmoja atakusaidia kuelewa, neno Prinzip, ambalo limetoka Kilatini. Lenyewe limepata bahati ya kuwa na vihusishi viwili vinavyogawana kazi. "Aus Prinzip" ni msimamo usiotikisika: sifanyi hivyo aus Prinzip. "Im Prinzip" ni ile laini: im Prinzip nakubali, ila kuna jambo. Ni herufi chache tu mbele ya neno, na maana inageuka. Grundsätzlich haina vihusishi hivyo vya kuigawa, kwa hiyo imebeba aus na im kwa mpigo, na msomaji ndiye anayepaswa kupambanua. Usije ukafikiri Prinzip na Grundsatz zinabadilishana popote, lakini. Kuhakikiwa kwa dawa na watu wawili ni Vier-Augen-Prinzip, kanuni ya macho manne, na hakuna anayeiita Grundsatz. Prinzip hupenda mambo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi, hata mashine ina Prinzip yake. Grundsatz huhitaji mtu au jamii iliyoamua kuiweka.

Na kwa Kiswahili? Umeniuliza ulielewe vipi, na hapa ndipo ninapojisikia fahari na lugha yetu, kwa sababu tuna vifaa vyote. Tusitumie kimoja tu.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ya mwaka 1977, inafungua kwa kusema wananchi wameamua kujenga jamii "inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani". Hiyo "misingi" ndiyo Grundsätze hasa. Ningetafsiri ibara ile ya 79 ya Wajerumani, nisingeandika "kanuni", ningeandika "misingi iliyowekwa". Chama kikitoa Grundsatzprogramm, kama wanademokrasia ya kijamii wa Ujerumani walivyofanya Bad Godesberg mwezi Novemba 1959 walipoachana na mafundisho ya Marx, huo si mpango wa kazi wa miaka mitano. Ni tamko la imani na mwelekeo. Ukitaka kitu cha kwetu cha kukilinganisha nacho kwa aina yake, si kwa yaliyomo, fikiria Azimio la Arusha la 1967, ambalo sehemu yake ya kwanza inaitwa Imani ya TANU na inaanza na kwamba binadamu wote ni sawa.

Ukimzungumzia mtu, neno si msingi wala kanuni. "Ein Mann mit Grundsätzen" ni mtu mwenye msimamo. "Das verstößt gegen meine Grundsätze" ni "hilo linakwenda kinyume cha msimamo wangu". Ukisema kinyume cha kanuni zangu utaeleweka, ila utasikika kama mwamuzi wa mpira.

Kanuni ibaki pale ambapo kuna ujuzi au fani: kanuni za uhasibu, kanuni za ushahidi. Inafaa.

Na grundsätzlich? Ile ya mtu, tafsiri kwa "katu", "kwangu ni mwiko", "ni msimamo wangu". Ile ya karatasi, tunalo neno moja linaloitosha kama glavu: kimsingi. Jisikilize mwenyewe. Jirani akikwambia "kimsingi nakubaliana nawe", je, huna hakika moyoni kwamba sentensi inayofuata ina "ila"? Ukimwomba mtu deni akajibu "kimsingi hakuna tatizo", unajua kabisa pesa bado hazijatoka mfukoni. Kimsingi yetu ina jiwe la msingi ndani yake kama Grund ilivyo, na ina mlango wa nyuma uleule. Kosa langu la yule mama wa Songea lingeepukika kwa neno hili moja: "Kimsingi ombi huletwa na mwombaji mwenyewe." Kijana angesoma hivyo angeuliza swali. Angepiga simu.

Kidogo kuhusu matamshi, kwa sababu utalisema mbele ya wagonjwa na wakubwa. D ya Grund hutamkwa kama t, na s ya Satz ni kama z yetu: grunt-zats. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Katika Grundsatz ulimi wa Mswahili hauna shida, kwani ni silabi mbili na mazoea yetu ya kukaza ile ya pili kutoka mwisho yanaangukia palepale. Hatari iko kwenye Grundsätze na grundsätzlich. Tutataka kukaza -sätz-, iliyo katikati. Usikubali. GRUNT-zets-lich, mkazo mwanzoni, na ch ya mwisho iwe pumzi laini juu ya ulimi, isiwe sh.

Turudi kwenye mkataba wako. Andika pembeni yake kwa penseli: "Kimsingi saa za ziada hurudishwa kwa ofu." Kisha tafuta hali za pekee katika sehemu tatu. Ya kwanza ni mkataba wenyewe, hasa aya zenye neno Arbeitszeitkonto, yaani akaunti ya saa zako za kazi, na zinazosema saa zikijaa au ukiacha kazi itakuwaje. Ya pili ni Tarifvertrag, mkataba wa pamoja kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi. Mkataba wako ukiutaja kwa jina, na katika hospitali za umma mara nyingi utaona herufi TVöD, yaani mkataba wa pamoja wa utumishi wa umma, basi yaliyomo humo yanakuhusu hata kama hukutumiwa. Ya tatu ni Betriebsvereinbarung au Dienstvereinbarung, makubaliano ya ndani kati ya hospitali na baraza la wafanyakazi wake. Mwajiri anaweza kukutumia nakala ukiomba, na kuomba si utovu wa adabu kwao.

Ukiwa humo, angalia na aya ya likizo. Huenda nayo ina grundsätzlich, au kitu cha jinsi hiyo, na nyuma yake kuna sheria ya likizo ya mwaka 1963 inayosema likizo ichukuliwe ndani ya mwaka wenyewe, isogezwe mwaka unaofuata kwa sababu nzito tu za kazi au za mfanyakazi mwenyewe, na hapo itolewe katika miezi mitatu ya mwanzo. Neno la sheria hiyo kwa hizo sababu ni Gründe. Ukipanga kulimbikiza siku uje kwa mama Nakuru wiki sita mfululizo, zungumza nao mapema, na uje na Gründe zako.

Swali lenyewe la kuwatumia watu wa ofisi ya wafanyakazi liandike hivi, bila kuongeza wala kupunguza: "Im Vertrag steht, dass Überstunden grundsätzlich durch Freizeit ausgeglichen werden. In welchen Fällen werden sie ausbezahlt, und wo ist das geregelt?" Yaani: mkataba unasema kimsingi saa za ziada hurudishwa kwa ofu, ni katika hali zipi hulipwa pesa, na hilo limeandikwa wapi? Wakijibu, niletee jibu tulisome pamoja kabla hujasaini.